Tunguu la Kale, Kidonge cha Juzi: Safari ya Kurkumini Kutoka Jikoni hadi Dukani

Shangazi yangu ana miaka 61, na magoti yanamsumbua, hasa anapopanda miinuko ya mji wetu wa Bukavu. Siku moja alirudi kutoka soko la Kadutu akiwa na kopo dogo la vidonge vya rangi ya chungwa. Kwenye kopo palichorwa tunguu la manjano, na chini ya mchoro yaliandikwa maneno ya Kifaransa ya kusifu hekima ya miaka 4,000. Alilipa dola 25 kwa vidonge vya mwezi mmoja. Nilipomuuliza kama bado ana dawa zake za shinikizo la damu, alijibu kwamba mwezi huo amenunua za wiki mbili tu, kwa kuwa fedha hazikutosha kwa vyote viwili.

Nilijaribu kumpinga. Akanitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyesoma sana.

"Bibi yako alitupaka manjano kwenye vidonda tangu tukiwa wadogo," alisema. "Watu wameyatumia maelfu ya miaka. Wewe si ndiye unayesoma historia? Sasa unapinga nini, mwanangu?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na siku ile sikuwa na jibu. Insha hii ni jaribio la kulijibu. Hoja yangu ni kwamba kopo la shangazi limebeba historia mbili tofauti. Moja ni ya tunguu, nayo ni ya kale kweli. Nyingine ni ya kidonge, nayo haijafikisha miaka 40. Anayeuza kidonge huazima umri wa tunguu, na mnunuzi hulipa kana kwamba historia hizo mbili ni moja.

Tuanze na tunguu. Mmanjano, ambao wataalamu wa mimea huuita Curcuma longa, ni wa ukoo mmoja na tangawizi. Una tabia moja yenye faida kubwa kwa mwanahistoria: hauzai mbegu za kupanda. Kila mmanjano ulioko duniani umetokana na kipande cha tunguu kilichokatwa na kufukiwa ardhini na mkono wa mtu. Mbegu za mimea mingine huweza kubebwa na upepo, ndege au maji, lakini mmanjano ukikutwa mbali na kwao, yupo mtu aliyeubeba. Kwao ni Asia ya Kusini na ya Kusini-Mashariki. Kutoka huko mabaharia waliufikisha Madagaska upande mmoja, na upande wa pili visiwa vya Bahari ya Pasifiki hadi Hawaii, karne nyingi kabla ya meli za Ulaya kufika huko.

Majina nayo yanasimulia safari hiyo. Kisanskriti huliita tunguu hilo haridra, na Kihindi haldi. Waarabu walisema kurkum, na kutokana na neno hilo likapatikana jina la kitaalamu ambalo Carl Linnaeus aliliandika mwaka 1753. Sisi tunasema manjano, na mtu akisikia Watamil wakisema manjal hawezi kukosa kuona mfanano. Tena Kiswahili kilikwenda hatua moja zaidi: kilichukua jina la kiungo hicho na kuipa rangi yenyewe. Lugha haifanyi hivyo kwa kitu kinachopita mara moja bandarini. Hufanya hivyo kwa kitu kilichozoeleka jikoni, nguoni na mwilini.

Je, wazee hao waliyatumia manjano kwa kazi gani? Tiba ya Kihindi ya Ayurveda iliyatia kwenye vidonda, kwenye ngozi na katika maradhi ya tumbo. Yalipaka rangi vitambaa, yakapakwa maharusi, na zaidi ya yote yaliliwa. Bibi yetu, mzaliwa wa Ujiji aliyeolewa Uvira, alikuwa katika desturi hiyo ndefu: aliyatia kwenye mchuzi wa samaki, akabandika unga wake kwenye jeraha la mtoto. Ndugu msomaji, shikilia jambo moja hapa. Katika matumizi haya yote mtu alitumia tunguu zima, kwa kiasi cha kijiko, ama juu ya ngozi ama ndani ya chakula chenye mafuta. Hakuna bibi aliyewahi kumeza kurkumini tupu.

Kurkumini ilianza kujulikana mwaka 1815, wakati wanakemia wawili waliofanya kazi Paris, Vogel na Pelletier, walipotenga kutoka katika manjano ile sehemu inayoyapa rangi. Haikuwa safi bado, lakini ilipata jina. Kwa muda mrefu kazi yake kubwa maabara haikuwa ya tiba. Wanakemia walilowesha karatasi katika maji ya manjano, wakaikausha, wakaitumia kama kipimo, kwa sababu karatasi hiyo hugeuka kuwa nyekundu ya udongo inapogusa magadi. Muundo wa kurkumini ulijulikana mwaka 1910 kwa kazi ya Milobedzka, Kostanecki na Lampe, na mwaka 1913 Lampe na Milobedzka wakaweza kuiunda wenyewe maabara.

Jina la Pelletier linatuhusu sana sisi watu wa Kivu. Mwaka 1820, miaka mitano tu baada ya kazi yake ya manjano, yeye na Joseph Caventou walitenga kwinini kutoka katika gome la mti wa kinkina. Miti hiyo asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, lakini Wabelgiji waliipanda hapa kwetu, na kiwanda cha kutengeneza kwinini kipo mjini Bukavu. Basi tuna ulinganisho ambao historia imetuandalia yenyewe. Mimea miwili, yote ikisifiwa na wazee wa nchi zake. Mwanakemia mmoja, katika muongo mmoja. Mmea mmoja ulitoa dawa iliyookoa watu wengi sana wenye malaria, kiasi kwamba mashamba yake yalivuka bahari. Mwingine ulitoa rangi nzuri iliyokaa kwenye chupa za maabara zaidi ya karne moja. Kwa nini?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika safari ya dawa ndani ya mwili. Kwinini ikimezwa huingia katika damu, huwafikia vijidudu vya malaria, na homa hushuka ndani ya siku chache mbele ya macho ya muuguzi. Dozi yake inapimika, na madhara yake, kama masikio kuvuma, yanajulikana. Kurkumini ni tofauti. Haiyeyuki vizuri katika maji, utumbo hunyonya kidogo sana, na hata hicho kidogo hubadilishwa upesi na utumbo na ini na kutolewa. Mtu anaweza kumeza nyingi na damu yake isione kitu.

Hata hivyo haikusahauliwa. Mwaka 1937 jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet, lilichapisha taarifa ya Albert Oppenheimer kuhusu kutumia kurkumini kwa wagonjwa wa nyongo. Mwaka 1949 Schraufstätter na Bernt walieleza katika jarida la Nature kwamba inazuia bakteria kukua. Mwaka 1973 watafiti Srimal na Dhawan wa Lucknow, India, walionyesha kwa wanyama kwamba inapunguza uvimbe. Hizi zilikuwa dalili njema, lakini bado zilikuwa dalili tu: wagonjwa wachache, sahani za maabara, panya.

Kidonge cha dukani kilipata nguvu yake katika miaka ya 1990, kupitia mambo matatu yaliyofuatana kwa karibu.

La kwanza ni sheria. Mwaka 1994 Marekani ilipitisha sheria mpya ya virutubisho vya nyongeza. Kwa sheria hiyo, kirutubisho hakilazimiki kuthibitishwa kwamba kinafanya kazi kabla ya kuuzwa, kama inavyolazimika dawa. Muuzaji haruhusiwi kusema kwamba bidhaa yake inatibu ugonjwa, lakini anaweza kusema kwamba inasaidia viungo au kinga ya mwili. Kati ya kutibu na kusaidia ukafunguka mlango mpana, na kampuni nyingi zikapita humo.

La pili ni kesi iliyoyapa manjano sifa dunia nzima. Mwezi Machi 1995, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Mississippi walipewa hataza ya Marekani, yaani haki ya mvumbuzi, kwa matumizi ya manjano katika kuponya vidonda. India ilishangaa: jambo linalojulikana na kila nyanya wa kijijini limevumbuliwaje Mississippi? Baraza la utafiti la serikali ya India, likiongozwa na Raghunath Mashelkar, lilipinga. Lilipeleka maandishi 32, mengine ya Kisanskriti, Kihindi na Kiurdu, na moja likiwa makala ya jarida la madaktari wa India la mwaka 1953. Mwaka 1997 hataza hiyo ilifutwa. Ushindi huo uliwatia moyo Wahindi hata wakaanza, mwaka 2001, kuweka maarifa yao ya jadi katika maktaba ya kidijitali ili yasiibwe tena.

Mimi naushangilia ushindi huo kama wanavyoushangilia wao. Lakini tuangalie vizuri kilichothibitishwa. Swali mbele ya ofisi ya hataza lilikuwa: je, jambo hili ni jipya? Maandishi ya kale yalijibu kwamba si jipya, na kwa swali hilo umri ni ushahidi tosha. Halikuulizwa swali la pili: je, linaponya, kwa kiasi gani, na kwa nani? Kwa swali hilo umri si ushahidi. Watu walitoa damu wagonjwa kwa karne nyingi, huko Ulaya na kwingineko, na ukale wa desturi hiyo haukuifanya iwe tiba ya homa. Wauzaji wa vidonge walichukua jibu la swali la kwanza wakalibandika kwenye swali la pili.

La tatu lilitokea mwaka 1998. Watafiti wa Bangalore waliwapa watu wenye afya gramu 2 za kurkumini, na katika damu yao wakakuta kidogo mno au hawakukuta kabisa. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, ambayo ndiyo inayoipa pilipili manga ukali wake, kiasi kilichofika katika damu kiliongezeka kwa asilimia 2,000. Tarakimu hiyo utaikuta mpaka leo katika matangazo. Kinachoachwa ni kwamba ukizidisha mara ishirini kitu kilichokuwa karibu na sifuri, bado unapata kidogo. Kinachoachwa pia ni jinsi piperini inavyofanya kazi: inauzuia mwili kuvunja kurkumini, na inaweza kuuzuia vilevile kuvunja dawa nyingine anazotumia mgonjwa. Kwa mtu anayemeza dawa kila siku, kama shangazi, hilo si jambo dogo.

Baada ya hapo makala za utafiti zilimiminika kwa maelfu. Kurkumini ikasemwa kupambana na saratani, kisukari, usahaulifu wa uzeeni na huzuni. Baadhi ya kazi hizo zilikuja kuanguka vibaya: maabara moja mashuhuri ya Houston, iliyokuwa mstari wa mbele, iliona zaidi ya makala 20 zake zikifutwa na majarida kwa sababu ya kasoro katika data. Mwaka 2017 Kathryn Nelson na wenzake walichapisha mapitio marefu katika jarida la kemia ya dawa. Walieleza kwamba kurkumini ina tabia ya kuhadaa vipimo vya maabara: ina rangi kali, hung'aa chini ya mwanga wa kipimo, hujishikiza ovyo kwenye protini na huvunjika haraka. Kipimo huonyesha kwamba dawa imefanya kazi, kumbe ni rangi inayoonekana. Kuhusu majaribio zaidi ya 120 kwa binadamu, walihitimisha kwamba hakuna hata moja lililolinganisha kurkumini na kidonge bandia, bila mgonjwa wala daktari kujua nani amepewa kipi, likatoa ushindi wa wazi.

Haki inanitaka niseme pia kilichokuja baadaye. Mwaka 2020 jaribio la Tasmania, Australia, lilitumia dondoo la manjano kwa watu 70 wenye magoti yaliyochakaa na kuvimba. Baada ya wiki 12, waliopewa dondoo walisema maumivu yamepungua kuliko waliopewa kidonge bandia, ingawa picha za magoti hazikuonyesha tofauti yoyote ya uvimbe. Mwaka 2023 watafiti wa Thailand waliwafuatilia watu wapatao 200 wenye tumbo linalosumbua bila kidonda, wakaona kurkumini ikiwapa nafuu inayolingana na ile ya omeprazoli. Kwa hiyo siwezi kumwambia shangazi kwamba magoti yake hayatasikia chochote. Naweza kumwambia kwamba nafuu iliyoonekana ni ya kiasi, kwa watu wachache, kwa majuma machache, na kwa dondoo lililopimwa, si lazima lile lililomo katika kopo lake.

Sasa tupige hesabu ndogo ya jikoni. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 hivi. Kijiko cha chai chenye gramu 3 kina miligramu 90. Kidonge kimoja cha dondoo mara nyingi hudai kuwa na miligramu 500, ambazo ili kuzipata jikoni ungehitaji gramu 16 na zaidi, yaani vijiko vitano au sita, kila siku, na vidonge vingine vina piperini juu yake. Hapo kitu kimebadilika. Usalama ulioshuhudiwa na karne nyingi za mchuzi ni usalama wa kijiko. Mwaka 2019 Wizara ya Afya ya Italia ilichunguza wagonjwa kadhaa waliopata homa ya ini baada ya kutumia vidonge vya manjano, na mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Australia ikatoa onyo kuhusu ini. Visa hivyo ni vichache ukilinganisha na wanaomeza, lakini vipo, na maelfu ya miaka ya upishi hayakuweza kuvitabiri.

Hata unga wenyewe una historia ya kutuonya. Huko Bangladesh, baadhi ya wasagaji walizoea kung'arisha manjano kwa kromati ya risasi, kemikali ya njano yenye sumu. Wakulima walisimulia kwamba desturi hiyo ilienea miaka ya 1980, mafuriko yalipoacha matunguu yaliyofifia ambayo wanunuzi waliyakataa. Watafiti walipoifichua mwaka 2019 na serikali ikachukua hatua, sampuli za sokoni zenye risasi zilishuka kutoka asilimia 47 hadi sifuri mwaka 2021. Mnunuzi alitafuta rangi, na muuzaji akampa rangi. Hakuna aliyeuliza ndani ya rangi hiyo kuna nini.

Je, basi maarifa ya wazee hayana thamani? Mfano wa Tu Youyou unakataa. Mwanamke huyo wa China alipotafuta dawa ya malaria miaka ya 1970, alisoma maandishi ya kale ya nchi yake. Maelezo ya daktari Ge Hong kuhusu kuloweka mmea katika maji, bila kuuchemsha, yalimpa wazo la kutumia joto dogo, na hivyo akaipata artemisinini. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Lakini hakuuza kitabu hicho ndani ya kopo. Alikigeuza kuwa swali, akapima, akajijaribia mwenyewe, kisha wagonjwa wakapimwa. Hiyo ndiyo heshima ninayoiona kuwa ya kweli kwa wazee: kuwachukulia kama watu waliosema jambo linalostahili kuchunguzwa.

Kwa kuhitimisha, nilimrudia shangazi na jibu langu. Nilimwambia kwamba bibi hakusema uongo. Alisema manjano yanafaa kwenye mchuzi na kwenye jeraha dogo, na hakuna utafiti niliousoma unaomdhalilisha kwa hilo. Lakini bibi hakuwahi kumwambia mtu ale vijiko sita kwa siku, wala aache dawa ya shinikizo la damu. Hayo yalisemwa na kopo, kwa kutumia sauti ya bibi.

Alikaa kimya kidogo, akachukua kopo akalisoma tena, safari hii upande wa nyuma, penye maandishi madogo yanayosema kwamba bidhaa hiyo haikusudiwi kutibu ugonjwa wowote.

"Kwa hiyo wenyewe wanajua," alisema.

Kesho yake tulikwenda pamoja famasia kununua dawa za wiki mbili zilizobaki. Kopo alilichukua hadi kituo cha afya, amuulize daktari kama vinaweza kumezwa pamoja. Na jioni hiyo alipika samaki kwa manjano, kama alivyofundishwa na mama yake.